Mtani Aliyenuna

Luhaga alifanya kosa ambalo Msukuma akisimuliwa hutikisa kichwa na kuuliza kama huyo mtu alikuwa mzima: alimnunia mtani wake. Kuiba ng'ombe watu wanaelewa. Kugombana na mkwe wanaelewa pia, maana wakwe wengine wanajitakia. Lakini kumnunia mtani, tena mtani wa kuzaliwa naye, kosa hilo halina hata faini yake. Wazee waliopanga faini hawakufikiria kwamba kuna mtu angefika huko.

Mtani mwenyewe alikuwa Jilala, mtoto wa shangazi yake. Shangazi Kija, ambaye Luhaga alimwita sengi kama wanavyoita shangazi huko kwao, alikuwa dada wa baba yake, akaolewa Ngulyati, akamzaa Jilala mwaka uleule aliozaliwa Luhaga. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, basi utani umeshakaa hapo, hauombwi. Tangu wakiwa wachunga ndama waliitana mchawi, mwizi na mla panya, na ilikuwa wazi kwamba atakayechukia ndiye mjinga.

Walikuwa wameahidiana na la msibani. Mtu akifa, mtani wake ndiye anayemcheza pale kaburini kabla udongo haujarudi: alivyotembea, alivyokohoa, alivyogombana na mkewe. Watu wanalia na kucheka palepale, na marehemu anaonekana mara ya mwisho jinsi alivyokuwa, kwa sababu aliyelazwa sandukuni hafanani tena na yeye mwenyewe. Luhaga alikuwa akimwambia Jilala kwamba akitangulia atamcheza mpaka waombolezaji waombe msamaha. Jilala alikuwa akicheka huku akiangalia chini.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuangalia chini. Wote wawili waliajiriwa siku moja kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba cha ushirika, kitengo cha matengenezo, na kwa miaka kumi na minne walishika nyundo pamoja. Luhaga ndiye aliyekuwa na mdomo. Aliweka misumari mdomoni, minne mitano, akaongea kupitia pembeni bila kuitoa, na watu walikuja kumsikiliza tu. Mguu wake wa kushoto ulipigwa na mkanda wa mashine mwaka wa tatu wa kazi, ukapona vibaya, kwa hiyo aliuburuta na bega likamfuata. Akiletewa kitu kibovu, iwe baiskeli, kitanda au pampu ya maji, alikigonga mara tatu, akatega sikio kama daktari, kisha akatangaza ugonjwa: huyu ana homa, huyu ana wivu. Mwenye mali akiwa na haraka, Luhaga alimjibu maneno mawili tu, njoo kesho.

Jilala alifanya kazi bila kusema. Akimaliza, alifuta kile kitu kwa pindo la shati lake, akarudi nyuma hatua tatu, akafunga mikono mgongoni na kusimama, macho chini, akingoja. Wapo waliomwona kama mwanafunzi aliyepeleka daftari kwa mwalimu. Mpaka mwenye kitu aseme umefanya vizuri, Jilala habanduki. Akishaambiwa, anavuta pumzi puani, anasema, "Haya, twende," na anaondoka bila kugeuka. Mara nyingi Luhaga ilibidi awaombe watu wamwambie huyo mtu amefanya vizuri, la sivyo watalala hapo. Kumbe na yeye Luhaga, katika miaka yote hiyo, hakuwahi kumwambia.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao na malori yao, wakulima wa Nkoma na Lalago wakauza pamba kwa aliyewahi kufika, kiwanda cha ushirika kikakosa cha kuchambua. Mafundi wakapunguzwa kazi, wao wakiwa wa kwanza, kwani mashine isiyozunguka haiharibiki. Binamu hao wawili wakafungua kibanda karibu na stendi ya Bariadi, wakatengeneza chochote kilicholetwa. Waliishi hivyo, wakila walichopata, wakitukanana asubuhi mpaka jioni, na ukimuuliza Luhaga leo atakuambia ile ndiyo ilikuwa raha.

Mwaka wa tisini na nane, mfanyabiashara mmoja wa Bariadi alimchukua Jilala kwenda kumwezekea nyumba Dar es Salaam. Alikwenda kwa miezi miwili, hakurudi. Habari zilizofika ni kwamba alipata kazi ya kupiga misumari kwenye jukwaa la kikundi cha maigizo, na kwamba kikundi hicho kimeanza mchezo kwenye televisheni, wa kuchekesha na kuliza, unaohusu mafundi wa mtaani, unaitwa *Njoo Kesho*. Jilala yumo. Luhaga aliposikia alicheka kweli. Jilala, asiyeweza kumwomba mtu chumvi, aonekane na nchi nzima?

Televisheni Bariadi wakati ule ilikuwa kwa Mayige mwenye baa, dishi juu ya bati na jenereta nyuma ya choo. Siku ya Alhamisi saa moja na nusu jioni Luhaga alikaa kiti cha mbele, na mkewe Veronica pembeni, akiwa ametangazia stendi nzima kwamba wanakwenda kumwona mla panya wao. Muziki ukapigwa, mlango ukafunguka, akaingia fundi mwenye misumari mdomoni, anaburuta mguu wa kushoto, bega linafuata. Akagonga kitanda mara tatu, akatega sikio. Akasema kwa pembeni ya mdomo kwamba kitanda hiki kina wivu. Baa ililipuka. Watu walimgeukia Luhaga, wakaigeukia televisheni, wakamgeukia tena, Mayige akalazimika kushikilia meza. Luhaga naye alicheka mpaka machozi. Alikuwa amechezwa, tena amechezwa barabara, na mtani ana haki hiyo.

Wiki ya pili alicheka pia. Wiki ya tano alianza kutazama bila kucheka. Fundi wa kwenye televisheni, aliyeitwa Fundi Kesho, alikuwa anaharibu kila alichoshika. Aliezeka nyumba ikavuja mvua yote ndani, akaunga kitanda bwana harusi akaanguka nacho. Watu wa Bariadi hawakuwa wajinga, walijua kwamba ni mchezo. Lakini mama mmoja wa Lalago alikuja kuchukua cherehani yake kabla haijaguswa, na Selestini, katekista wa parokia, aliwapa watu wengine kazi ya kuezeka bati za kanisa, akimwambia Luhaga kwa kutania kwamba wanaogopa mvua isije ikanyesha juu ya padri. Luhaga alitabasamu, akarudi kibandani, na siku ile hakuongea.

Hata hivyo si kazi iliyomchoma. Kazi huja na kwenda. Kilichomchoma ni siku aliyokatiza sokoni, amebeba ngazi, misumari mdomoni kama kawaida, akasikia mtu nyuma yake akimwambia mwenzake, "Huyo naye, anamwiga Jilala." Alisimama. Mguu ni wake, ulivunjwa na mkanda mbele ya macho ya Jilala, Jilala ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Sasa akitembea anaambiwa anaiga. Aliitema ile misumari kiganjani, na tangu siku hiyo akawa anaiweka mfukoni. Alijaribu hata kutembea bila kuburuta. Mtu mzima wa miaka arobaini anajifunza kutembea uani kwake, mke anamwangalia kupitia dirisha.

Hapo ndipo aliponuna. Alimwagiza mfanyabiashara aendaye Dar amwambie Jilala kwamba Luhaga amesema hana mtani tena. Veronica alimwambia jambo hilo halisemwi, hata kwa hasira halisemwi. Alimjibu kwamba limeshasemwa.

Jilala alikuja Krismasi ya mwaka elfu mbili. Watu walimsindikiza kutoka stendi wakimwita Fundi Kesho, na yeye akipunga mkono, macho chini. Alifika kwa Luhaga peke yake jioni jua likiwa bado juu. Hakubisha hodi. Aligonga mlango mara tatu, akanyamaza, kama mtu aliyetega sikio. Luhaga alikuwa ndani ameketi juu ya kitanda. Lilikuwa jambo la kicheko, na kicheko kilimfika kooni kabisa, lakini kununa nako kuna kiburi chake. Alimwambia Veronica amtokee yule mtu ampe jibu lake.

"Mwambie njoo kesho," alisema.

Veronica alitoka akasema hivyo, kwa sauti ambayo hata yeye aliionea aibu. Jilala alicheka kidogo. Akangoja, labda akidhani mlango utafunguka na matusi yatafuata, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Haukufunguka. Basi alirudi nyuma hatua tatu uani, akafunga mikono mgongoni, akasimama. Luhaga alimwona kupitia dirisha. Alimwona vizuri, shati jipya la Dar na ile shingo iliyoinama, na alijua kabisa yule mtu anangoja nini. Alisimama pale mpaka mbuzi waliporudishwa zizini, halafu akaondoka. Hakusema twende, maana hakuna aliyemwambia neno.

Kesho yake Luhaga aliamka amelainika, akachinja jogoo, akamtuma Veronica Ngulyati akamwite mchawi yule aje ale. Sengi Kija akamwambia Veronica kwamba Jilala ameondoka na basi la alfajiri. Jogoo wakamla wenyewe, na hakuwa na ladha.

Mwezi wa Mei ikaja simu ofisi ya posta. Malaria ilimpanda Jilala kichwani, siku nne, basi.

Majuto ni mjukuu, husema watu, na wanasema kirahisi sana. Luhaga hakula siku mbili. Siku ya tatu alivaa shati lake la kanisani, akapanda baiskeli kwenda Ngulyati, na njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja: nani atamcheza Jilala? Watani wa upande wa mama yake Jilala walikuwa wachache, na waliobaki ni watoto waliomjua kwa televisheni tu. Haki ile ilikuwa yake, na yeye mwenyewe aliitupa. Alitaka kumrudishia binamu yake kitu kimoja tu hapa duniani, na hakujua kama ataruhusiwa.

Msiba ulikuwa umejaa watu kuliko mnada. Walitoka Bariadi, Nkoma, Lalago, wengine hawakumjua Jilala wala baba yake, walikuja kumzika Fundi Kesho. Jeneza lilifika na basi dogo la kikundi cha maigizo. Pamoja nalo alikuja Jenifer, mwanamke aliyeigiza mke wa Fundi Kesho. Alipomwona Luhaga akikatiza uani alisimama na sufuria la maji mkononi, akautazama ule mguu, machozi yakamtoka.

Alimfuata nyuma ya nyumba, akamwambia kwa upole mambo ambayo Luhaga hakuwa ameyajua. Siku ya kwanza mbele ya kamera, Jilala alishindwa. Alisimama mikono mgongoni, akiangalia sakafu, jasho likamtiririka, wakataka kumrudisha kwenye misumari yake. Mkuu wa kikundi akamwambia asiwe yeye, awe mtu yeyote anayemjua ambaye haogopi watu.

"Alisema anamjua mmoja tu," Jenifer alimwambia. "Miaka miwili hakuwahi kuigiza mwingine. Na kila tulipomaliza alituuliza, je, Luhaga angecheka hapo?"

Luhaga alikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. Alikuwa amedhani ameibiwa. Kumbe aliazimwa, na mtu mwoga, kama mtu anayeazima koti la nduguye aende nalo mbele ya wakubwa. Alijiona mdogo sana, na alilia pale nyuma ya nyumba bila kujificha.

Wakati wa kuzika ulipofika, Selestini katekista alimaliza sala, jeneza likafungwa baada ya watu kuaga. Lilihitaji misumari miwili zaidi upande wa miguu, na fundi pale alikuwa Luhaga. Alikwenda na nyundo. Hakuwa amefikiria lolote. Mikono yake miwili ilikuwa na kazi, akaitia misumari mdomoni kama alivyofanya miaka ishirini, akauburuta mguu mpaka kwenye jeneza. Umati wote ukapiga kelele. Wengine walicheka, wengine walilia, wanawake walijipiga vifuani wakisema ndiye, ndiye Jilala mtupu, Mungu wangu anavyomjulia. Luhaga alisimama na nyundo hewani. Alikuwa hajaanza kucheza. Alikuwa anafanya kazi tu.

Aliipigilia misumari ile, polepole. Akaelewa kwamba akiondoka hapo, Jilala atazikwa akiwa Luhaga. Watu hawa wote watarudi makwao wamelia vya kutosha, na yule mtu wa kweli, aliyemaliza kazi na kurudi nyuma, hatakuwa amezikwa na mtu.

Akaomba kumcheza. Mzee Shija, ndugu mkubwa wa baba yake Jilala, alisimama akasema kwa haki kabisa kwamba aliyeukana utani kwa mdomo wake hawezi kuuokota kaburini. Ndipo sengi Kija akainua kichwa kutoka kwenye mkeka wa wanawake.

"Utani haukuanzia mdomoni mwake," alisema, "hauwezi kuishia hapo. Mwacheni amcheze mwanangu."

Shija akakaa. Watu wakasogea, wakajitayarisha kucheka, na mmoja akamsihi Luhaga aanze na ile ya kitanda chenye wivu.

Luhaga alipiga magoti penye jeneza, akatoa pindo la shati lake la kanisani, akaufuta mfuniko. Aliufuta kwa makini, kona kwa kona, akapitia palipogongwa misumari ili pasiwe na vumbi. Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, akijikaza asiuburute ule mguu wa kushoto, na hakuuburuta. Akafunga mikono mgongoni, akainamisha shingo, akangoja.

Watu wa Bariadi walitazamana. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama amesahau, mwingine akasema labda uchungu umemzidi. Jenifer peke yake alikuwa amefunika mdomo. Luhaga hakuinua macho. Jua lilimpiga kisogoni na akangoja, akajua sasa jinsi ile dakika inavyokuwa ndefu, na jinsi ilivyokuwa ndefu pale uani kwake, kuanzia jua likiwa juu hadi mbuzi wanarudi. Akawa anaomba moyoni mtu aseme neno, mtu yeyote, na akaona hakuna mwingine hapo anayelijua.

Sengi Kija aliinuka. Wanawake walitaka kumshika, akawasukuma. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaliangalia juu, akaliangalia ubavuni, akapitisha kiganja pale palipofutwa, bila haraka, kama mama anayepokea kiti chake kilichotengenezwa. Kisha akamgeukia yule aliyesimama hatua tatu nyuma.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri sana."

Luhaga alivuta pumzi puani. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu, na mara mbili yalimkwama, wazee wakawa wameshashika kamba na wanamngoja yeye.

"Haya," alisema mwishowe kwa ile sauti ndogo ya binamu yake, "twende."

Akageuka akaondoka bila kutazama nyuma, na jeneza likateremshwa.